Msuko Juu ya Pazia

Kama kuna mwanamke aliyewahi kuibiwa na mumewe kila alichonacho bila kupotelewa hata na kijiko, basi ni Tulasamma. Alivyopandisha bega akiudhika, alivyougeuzia ukuta uso wake, alivyorusha pindo la sari begani kama anayefukuza nzi, vyote hivyo mumewe Seshayya alivichukua kimoja kimoja, akapanda navyo jukwaani, na vijiji vya kando ya mto Krishna vikampigia makofi yeye.

Seshayya alikuwa mchezaji wa Kuchipudi, ile ngoma ya maigizo ya huko kwao, na tangu ujana wake alicheza Malkia, yule mke wa mungu mwenye uzuri, wivu na maringo ya kupita kiasi. Mwanamume mzima, mwenye mke na mtoto na ndevu za kunyoa kila asubuhi! Lakini akishavaa sari na ule msuko wa bandia unaofika magotini, wanawake wenyewe walikuwa wakitazamana na kujiweka sawa. Asubuhi yake majirani humsubiri Tulasamma kisimani.

"Shoga, jana mumeo alinuna vizuri kukushinda wewe!"

"Kanuna kwa mali ya nani?" naye huwajibu. "Nimemwazima tu. Akimaliza anarudisha."

Na ujanja wake ndio uliokuwa ukimtia Tulasamma wazimu. Siku moja kabla ya mchezo, lazima Seshayya ausimange mchuzi wa dengu, au aseme kahawa leo ni maji matupu, kisha akae pembeni macho yamemtoka, amtazame mkewe anavyosusa. Siku Tulasamma alipougundua mchezo huo alimtupia kopo. Seshayya akaruka, akashika kichwa, akasema kwa furaha, "Hapo hapo! Mkono huo! Hebu rudia!" Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Tulasamma alicheka mpaka akakaa chini. Walipendana wale watu, nisiseme uongo, ingawa nusu ya mwaka Seshayya alikuwa njiani na kundi, na nyumba ilibaki na mama na binti tu.

Basi goti la Seshayya likachoka. Akipiga mruko linamlilia kama mlango usiotiwa mafuta, na mganga akamwambia apumzike kama anataka kutembea uzeeni. Kaka yake Kotayya, mkuu wa kundi na mpiga matoazi, akatangaza kwamba mchezo wa sikukuu ya hekalu utakuwa wa mwisho kwa Seshayya, na mwisho wake msuko utavikwa Gopalam. Huyo Gopalam alikuwa mwanawe Kotayya, kijana mwema, mabega kama ya fahali, mpenzi wa ndizi mbivu. Alipofundishwa kutembea kwa madaha alitembea kama mtu aliyebeba kabati.

Aliyeutaka msuko ule kufa na kupona alikuwa Vasanta, binti wa nyumba. Baba akimfundisha Gopalam uani, Vasanta husaga mchele karibu yao, na miguu yake chini ya sari inafuata kila pigo. Alikuwa ameshika mchezo wote, maneno, nyimbo, macho na vidole. Kwa makundi mengine wanawake walikuwa wakicheza tangu siku nyingi, lakini kwa Kotayya, hata kulitaja jambo hilo ilikuwa kama kuomba kupika nyama hekaluni.

Asubuhi ya sikukuu Vasanta alijikaza akamwambia baba yake.

"Baba, nipe mimi."

Seshayya alikuwa anakunywa kahawa. Akaiweka chini polepole. "Mwanangu, mwanamke akicheza mwanamke, usanii uko wapi? Huyo si anakuwa yeye tu? Mimi nimewasoma wanawake maisha yangu yote. Hakuna kitu cha mwanamke nisichokijua. Ndiyo maana wanalia nikicheza."

"Hakuna hata kimoja, baba?"

"Hata kimoja."

Vasanta akainuka, akaenda jikoni, akaanza kukuna nazi kana kwamba nazi ile ilimtukana. Hakulia. Tulasamma alitamani sana alie, maana kilio kingemshusha ule uzito. Akamtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye, na yule mzee asiye haya akasema kwa upole, "Mama Vasanta, huko kununa kwako kwa leo ni kuzuri sana."

Tulasamma alimsuka mumewe msuko wake hata hivyo. Aliutia maua ya asumini, akamvuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, mpaka akaguna.

Jioni uwanja wa hekalu ulijaa. Wanawake walikaa kushoto na watoto wao, wanaume kulia, mienge ikawashwa. Sasa, kabla Malkia hajaonekana uso, vijana wawili hushika pazia, na yeye akiwa nyuma yake hurusha msuko juu ya pazia, ukaning'inia mbele ya watu. Hapo mkuu wa kundi hutoa changamoto. Kotayya akagonga matoazi, akapaza sauti:

"Sikilizeni nyote! Malkia wetu anajua yote ya moyo wa mwanamke! Kama kuna mtu hapa wa kumshinda, aje amuulize! Akimshinda, msuko huu ni wake, aukate!"

Ni desturi tu. Watu hushangilia, pazia hushuka, mchezo huanza. Hakuna aliyewahi kusimama tangu kundi lilipoanzishwa.

Tulasamma alikuwa amekaa mbele na binti yake. Akaona vidole vya Vasanta mapajani vikicheza vyenyewe, vikifuata ngoma, na uso wake umetulia kabisa, uso wa mtu aliyekwisha kujikatia tamaa katika umri ule. Moyo wa mama ukampasuka. Kabla hajajiuliza mara mbili, alikuwa amesimama.

"Nina swali," alisema.

Ngoma ikanyamaza. Kotayya akamkodolea macho. "Shemeji, kuna nini? Umesahau funguo?"

Uwanja mzima ukacheka. Tulasamma akakaza pindo la sari begani. Hakuwahi kusema mbele ya watu isipokuwa kisimani. "Sijasahau kitu, shemeji. Umesema mwenye swali aje. Au ulikuwa unatania?"

"Mwache aulize!" wakapiga kelele wanawake. "Leo kumekucha!"

Nyuma ya pazia sauti ya Malkia ikasikika, nyembamba, ya maringo, "Aulize tu. Huyo namjua." Watu wakacheka tena, na Tulasamma naye akatabasamu bila kupenda.

"Haya, Malkia. Mume anasafiri na wenzake. Ameaga, mkewe yuko mlangoni. Mume ameshageuza mgongo, anakwenda. Tuonyeshe huyo mke."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Pazia likashushwa, na Seshayya akatokea katika urembo wake wote. Akaegemea nguzo isiyokuwepo. Akanyoosha mkono kumwelekea aliyekwenda, akauma pindo la sari, macho yakajaa machozi ya kweli, mabega yakatikisika, akateleza taratibu mpaka chini. Upande wa wanaume makofi yakalipuka.

Upande wa wanawake, kimya. Kisha bibi mmoja muuza jani la tambuu akasema kwa sauti, "Huyo ana nafasi ya kulia! Na maziwa jikoni nani anayatazama?"

Wanawake walicheka hadi watoto wakashtuka. Seshayya akainuka, goti likalia, akajaribu tena. Safari hii alisimama wima, akauma midomo, akageuka ghafla kuingia ndani. Kimya tena. Akajaribu mara nyingine, akaishia katikati, mkono umebaki hewani.

Tulasamma alimwona akitafuta. Alimjua yule, hakuwa anatafuta hila, alikuwa anatafuta ile picha kichwani mwake, na haikuwemo. Akamwonea huruma, akatamani akae chini asahau yote, lakini hakukaa.

Seshayya akashusha mkono. Aliposema, ilikuwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mwanamume. "Sijui. Kila mara nilikuwa natazama mbele."

"Najua, Baba Vasanta," Tulasamma alisema.

"Wewe unajua. Nionyeshe."

"Mimi sichezi. Lakini mlangoni pale sikuwa peke yangu." Akaweka mkono kichwani kwa binti yake. "Inuka, mama."

Vasanta akapanda jukwaani hivyo hivyo alivyo, na sari ya nyumbani, bila njuga, bila wanja. Kotayya alifungua mdomo kupinga, na wanawake wakamfunga kwa macho.

Vasanta alisimama mlangoni. Kila mtu aliuona ule mlango. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la kawaida, na akalishikilia pale pale, kwa sababu aliyekwenda huenda akageuka. Akasogea kidogo kushoto ili mti usimzuie. Akasogea tena. Akainuka kwa vidole vya miguu. Kisha macho yakakoma, maana njia ilikuwa imekata kona, lakini tabasamu lilibaki usoni muda, halina pa kwenda. Hakulia. Akainama kuchukua ufagio, afagie kizingitini palipochorwa mapambo ya unga wa mchele alfajiri. Akaona palipokanyagwa na aliyekwenda. Mkono ukasimama. Akaurudisha ufagio, akauruka ule wayo kwa kuinua sari, akaingia ndani kwa maziwa yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Upande wa kushoto pindo za sari zilikuwa machoni, na upande wa kulia wanaume wengi waligeuka kuwatafuta wake zao.

Seshayya aliuliza taratibu, "Mnauacha wayo wangu?"

"Mpaka jioni," alisema Tulasamma. "Mtu akisafiri hafagiliwi nyuma yake."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Basi yule mzee, na rangi zote za Malkia zikimchuruzika, alilia kilio ambacho hakukiazima kwa mtu. Akaufungua msuko mwenyewe. Kotayya, kwa kukosa la kusema, akasema, "Desturi ni desturi. Leteni kisu, ukatwe."

"Kisu cha nini, shemeji? Nimeusuka mimi kwa mikono yangu. Nimeshinda, ni wangu, nampa nimtakaye."

"Na mimi ndiye mpokeaji niliyetangazwa," alidakia Gopalam kutoka nyuma, mdomo umejaa, "na ninasema apewe dada! Leo leo! Mama mdogo, Mungu akubariki, nitashika pazia maisha yangu yote!"

Kelele zilizopigwa hapo zilimmaliza Kotayya. Akayatazama matoazi yake, akauona uwanja, akamtazama mwanawe aliyekuwa akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze, akagonga pigo la kuanzia.

Seshayya alimvika binti yake msuko. Jioni ile Vasanta alicheza Malkia, na baba yake, kwa kuwa goti halikumruhusu zaidi, akacheza kijakazi wake. Alisahau maneno mara kadhaa kwa kumtazama.

Mvua zilipokwisha kundi likasafiri. Gari la ng'ombe lilikuja asubuhi na mapema, Kotayya akifoka kuhusu mizigo, Gopalam amekaa juu ya marobota na chane ya ndizi. Vasanta akawagusa wazazi wake miguu, akapanda. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakukumbuka kugeuka.

Tulasamma alisimama mlangoni, na pembeni yake, mahali ambapo hakuwahi kusimama, alikuwa Seshayya. Alikuwa anatabasamu kwa nguvu zake zote. Gari likapita mti; akasogea kushoto, akamkanyaga mkewe. Likafika kona, likapotea.

Tulasamma akamgusa mkono. "Haya, Baba Vasanta. Ameshakwenda. Njoo, kahawa inapoa."

"Tangulia wewe," alisema Seshayya. "Mimi bado naona vumbi lao."