Pingili ya Saba

Kisiwani walimwita Usipumue, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Miaka kumi na tisa amesimama nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kioo kizito, anawapazia watu sauti: "Vuta pumzi! Shika! Usipumue!" Watoto wakimwona njiani hujaza mashavu hewa na kutoa macho, naye huwafukuza hatua mbili tatu halafu anacheka. Hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo hivyo.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika kituo cha afya, jirani na jenereta. Mashine ya eksirei ililetwa na wafadhili, wakapiga nayo picha za ukumbusho, wakaondoka. Ilikuwa ya zamani, ya filamu, zile za kuoshwa kwenye chumba cha giza, si hizi za kompyuta. Filamu zilitoka bara kwa boti ya vifaa, na boti ya vifaa ilikuja ilipojisikia.

Kwa hiyo Usipumue akawa bahili. Si bahili wa kujifungia akala peke yake, la, bahili wa filamu. Filamu moja aliipiga mara mbili: nusu anaifunika kwa bamba zito lisilopitisha miale, anapiga mkono kwa mbele, kisha anahamisha bamba na kupiga mkono kwa upande. Wakubwa wa bara walimsimamisha mkutanoni wakampigia makofi, kwamba vituo vingine vinalia filamu zimekwisha, yeye hazijawahi kumwishia. Alirudi kisiwani kichwa juu, na sifa ile aliisimulia mpaka watu wakaijua kwa moyo.

Na alikuwa na sheria yake moja: filamu ya mwisho boksini haiguswi. Msidhani ni wazimu. Zamani kidogo mtoto alimeza betri ya saa siku ambayo imebaki filamu moja tu, na picha ile ndiyo iliyofanya apelekwe bara upesi akapona. Tangu siku hiyo moja ilikaa boksini kumngoja mwingine wa namna hiyo, na aje nani, aombe vipi, Usipumue hakuitoa.

Basi asubuhi moja, saa tatu, akaletwa shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa mwezekaji, mume wa mdogo wake wa kike. Pandikizi la mtu. Kwa mabega yale, milango mingine aliingia upandeupande. Alikuwa akibadilisha mabati ya shule, mbao ikakatika, akashuka nayo mpaka chini. Wenzake walimlaza juu ya ubao wa dari wakambeba sita, na mkewe nyuma ameshika viatu vyake, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, hajui avipeleke wapi.

"Shemeji, leo umenipata," akasema yule mwezekaji, macho darini. "Miaka yote unanitafuta."

"Nyamaza wewe. Ukicheka shingo itakuuma."

"Basi geuza hiyo sura, inanichekesha."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Hawakuwahi kukaa dakika tano bila kutupiana maneno, na kila mmoja alimpenda mwenzake kuliko alivyoweza kusema. Vidole vya miguu alivichezesha, mikono aliikunja, ila shingo ilimuuma kwa nyuma, chini kabisa. Tabibu wa kituo alikwisha kumfunga kola ya maboksi na bendeji. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwaka wake wa kwanza kisiwani, na kila kitu alikisema mara mbili kwa kuogopa kisisahaulike.

"Shingo kwa upande," akasema. "Pingili zote saba zionekane. Zote saba."

"Shingo naijua, daktari. Nimeanza kuzipiga wewe bado uko darasa la kwanza."

 Usipumue akaingia ndani, akafungua boksi. Zilikuwa mbili.

Akapiga. Akaingia kwenye chumba cha giza, akaosha, akatoka na filamu inachuruzika maji, akaibandika kwenye kisanduku cha taa. Akahesabu kwa kidole kuanzia juu, chini ya fuvu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Chini ya ya sita palikuwa na weupe mtupu, mabega yale makubwa yamefunika kila kitu. Akasogeza uso, akaona kama kona, kona ndogo tu ya mfupa inachungulia, halafu weupe tena.

Dawa yake aliijua, si kwamba hakuijua. Unaita mtu mmoja amshike mgonjwa mikono, anaivuta polepole kuelekea miguuni, mabega yanashuka, unapiga tena. Ni kazi ya dakika kumi. Filamu ilikuwepo, ile moja. Akaitazama boksini, akafikiria boti ambayo wiki ya tatu haijaonekana, akafikiria mtoto atakayeletwa kesho na kitu kooni. Na tuseme ukweli, akafikiria pia yale makofi ya mkutanoni. Akajiambia: sita na kona. Kona ya mfupa nayo ni mfupa. Akafunga boksi.

Picha zilisomwa na daktari wa bara. Usipumue aliipiga picha ile filamu kwa simu ikiwa palepale kwenye taa, akaenda mpaka kwenye tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, akaituma. Jibu likaja kabla hajageuka.

"Sita naziona, ziko vizuri. Chini weupe. Ya saba umeiona kwenye filamu yenyewe?"

Alisimama pale tangini muda wa kutosha kurudi chumbani na kutoka tena. Halafu akaandika: "Ndiyo. Zote saba."

"Basi shingo iko sawa. Mwondoeni kola, apumzike, kesho aende nyumbani."

Tabibu akaomba kuiona filamu kwa macho yake. "Haijakauka," Usipumue akamwambia, "na jibu la bingwa hili hapa, au unamzidi?" Binti akasoma simu, akaenda wodini, akaifungua kola kwa mikono yake, watu wote wakimwangalia. Mwezekaji akapumua, akamshukuru. Mkewe akalia kwa furaha, akaviweka viatu chini ya kitanda.

Kesho yake saa moja asubuhi shemeji akaketi kitandani aende msalani. Mkewe ameinama anamvalisha kiatu. Mgonjwa wa jirani akamtania kitu, naye akageuka amjibu. Hakumjibu. Alianguka ubavu, taratibu, na akiwa pale sakafuni akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nani amenikata miguu?"

Miguu ilikuwepo. Mkewe aliishika yote miwili, akamwambia hii hapa baba, hii hapa, nimeishika, naye akasema hapana, hamna kitu.

Alipelekwa bara kwa boti ya doria mchana ule ule. Siku mbili baadaye ikaja boti ya vifaa na maboksi manne ya filamu, mia nne kwa jumla. Usipumue akatia sahihi, akayabeba moja moja mpaka chumbani, akayapanga juu ya boksi lenye ile filamu moja.

Kisiwa kikatafuta wa kulaumiwa, na hakikwenda mbali. Nani alifungua kola? Tabibu. Kwa mikono ya nani? Yake, tumeona sote. Wakasema ni mtoto wa juzi, amekuja kujifunzia kwetu. Dukani wakawa hawamwoni mpaka wengine wote wahudumiwe. Mama mmoja akamnyang'anya mwanawe mezani, sindano iko hewani. Mdogo wake Usipumue, kabla ya kumfuata mumewe bara, alisimama katikati ya uwanja wa kituo akamtukana binti yule matusi ambayo kaka yake hakujua kama anayajua. Na Usipumue alikuwepo! Alikuwa dirishani kwake, ameshika kitambaa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi, na hakusema neno. Mimi namhurumia kwa mengi, lakini kwa hilo simhurumii.

Wiki ya tatu daktari wa bara akapiga simu.

"Ile filamu unayo?"

"Ninayo."

"Iweke kwenye taa. Unihesabie kwa sauti."

Akahesabu. Alipofika sita akaishia hapo. 

"Ya saba ndiyo iliyovunjika," daktari akasema. "Ilikuwa imevunjika lakini imekaa mahali pake. Angebaki na kola angefika hapa anatembea. Na mimi sikupaswa kukubali neno lako bila kuona. Yangu nitayaandika mwenyewe. Ya kwako andika wewe."

Aliandika. Ukurasa mmoja, hakujitetea. Baada ya mwezi ofisi ikamjibu kwamba anapewa onyo kali, na kwamba ataendelea na kazi kwa kuwa hakuna mwingine. Aliisoma barua ile mara tatu akitafuta mahali walipomfukuza, hakupaona.

Akaipeleka kwa Tabibu. Binti akaisoma amesimama, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili nimenunua mkate kwa kutuma mtu. Ulikuwa unapita hapo mlangoni, unanisalimia, unaniuliza nimeamkaje."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Uhamisho alikwisha kuuomba. Siku ya kuondoka Usipumue alimfuata bandarini, akanyoosha mkono kupokea begi, naye akalihamishia bega la pili akapanda botini. Barua ya ofisi haikusomwa na mtu mwingine yeyote kisiwani.

Shemeji akarudi baada ya miezi minne. Wanaume wanne walimbeba kutoka bandarini, na wanne walitosha, alikuwa amepungua hivyo. Miguu haina habari, vidole vya mikono vimejikunja havishiki kijiko. Walimtandikia mpira chini ya shuka, kitanda kikasukumwa karibu na dirisha, mkewe akaelezwa kwamba lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili asije akaoza mgongo. Mwanamke peke yake hamwezi. Usipumue akasema nitakuja. Akawa anakuja kabla ya kazi, mchana, na baada ya kazi.

Ajabu ni kwamba utani ulirudi, lakini kwa Usipumue tu. "Leo umekuja mikono baridi, umetoka kushika maiti gani?" "Nigeuze vizuri, mimi si chapati." Usipumue anajibu, wanacheka, na katikati ya kicheko yule mtu anatulia, anasema: "Shemeji, wewe ni ndugu. Yule msichana Mungu anamwona." Usipumue anamfuta mgongo, anaondoka. Mwezi mzima hivyo. Akawa halali wala chakula hakipandi, mpaka akapiga moyo konde kwamba atasema, na aanze na mdogo wake.

Alimkuta uani anafua shuka. Akamwambia yote amesimama, kuanzia ile kona ya mfupa mpaka barua. Mdogo wake hakuacha kufua. Alifua shuka moja, akaisuuza, akaikamua, ndipo akauliza, bado anatazama beseni.

"Filamu zilibaki ngapi?"

"Moja."

"Ulikuwa umemwekea nani?"

"Sikumwekea mtu."

Akakamua tena shuka ambayo ilikwisha kukamuliwa.  Usipumue alingoja matusi, alikuja ameyatayarishia kifua, maana aliyasikia yale ya uwanjani. Hayakuja.

"Nisikilize, kaka. Usimwambie."

"Lazima nimwambie. Anamlaani mtu asiye na kosa."

"Usimwambie! Tangu arudi hacheki na mimi. Watoto akiwaona anageuza uso ukutani. Anacheka na wewe tu. Saa sita ikikaribia anauliza, shemeji hajafika? Ukimwambia, nami nitabaki na nini humo ndani? Nani atamchekesha? Mimi?" Akajifuta uso kwa mkono wenye povu. "Umenipa mimi akiwa hivyo alivyo. Kicheko hicho hutanichukulia."

"Sasa mimi nifanyeje, dada?"

"Utakuja. Kila siku, mara tatu, mpaka mmoja wenu afe. Ukiumwa utakuja. Utakuja ukiwa na maneno ya kuchekesha, na akikushukuru utaitikia. Mimi sitaki kukuona usoni, nikikusikia unaingia nitatoka huku uani. Lakini utakuja."

Kutoka ndani ikasikika sauti, nyembamba kuliko ya zamani. "Shemeji! Au umepata shingo nyingine nzuri kuliko yangu?"

Mdogo wake akaokota beseni, akampa mgongo, akasimama hapo hapo akisubiri.

Usipumue akaingia. Akapitisha mikono chini ya mabega yale, yaliyobaki mifupa, akamgeuza upande wa ukuta, akamwekea mto. "Nimezunguka kisiwa kizima," akasema, "shingo mbaya kama hii sijaiona." Shemeji akaangua kicheko. Usipumue naye akacheka, akacheka kwa sauti kubwa, ili kule uani isikike kwamba amecheka.