Watatu wa Milimani

Wenzake walimwita Mama Jedwali, na jina alikuwa amelitolea jasho. Mtu anayekaa kutwa nzima akihesabu wagonjwa wa saratani bila kuinua kichwa anastahili jina lake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mapokezi ya hospitali kuu. Kila faili jipya alilifungua, akatazama mgonjwa anaishi wilaya gani, akamwingiza kwenye jedwali la mwaka.

Mwaka huo, wanawake wenye saratani ya matiti mjini walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Wilaya ya milimani, watatu.

Daktari mkuu alifurahi kweli. Alisimama mlangoni na kikombe chake, akasema wanawake wa milimani wamejaliwa: wanazaa mapema, wananyonyesha, wanapanda na kushuka kutwa. Kisha akaongeza, kama mtu anayeagiza kalamu, kwamba lile gari la kupima matiti lililokuwa likipanda huko mara mbili kwa mwaka sasa libaki mjini, kwenye wagonjwa. Jedwali alilitaka Ijumaa.

Mama Jedwali akaitikia kwa kichwa. Tangu Machi alikuwa akiitikia kila kitu kwa kichwa. Machi ndipo alipomzika dada yake mkubwa, mtu wa milimani tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na tangu hapo alikuwa ganzi mwili mzima. Alikula bila kuonja. Watu walisema amejikaza kisabuni, wakamsifu. Wala hakujikaza, hakusikia kitu, basi.

Alhamisi mchana alikagua majina ya wale watatu. Dada yake, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, hakuwemo. Alimkuta kwenye orodha ya mjini, na anwani iliyoandikwa ilikuwa ya nyumba yake yeye Mama Jedwali, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hakuhitaji kuambiwa imekuwaje. Mgonjwa wa nje ya mji hapokelewi bila barua ya rufaa, na barua huchukua wiki sita kama mganga wa wilaya yupo, miezi mitatu kama yuko safarini. Kwa hiyo mwenye ndugu mjini huandika anwani ya ndugu, na mapokezi hufumba macho. Yeye mwenyewe aliufundisha ukoo ujanja huo, na ukoo ukawafundisha majirani. Miaka kumi na moja aliwapitisha mlango wa mbele, kisha akaja huku nyuma kuwahesabu kuwa watu wa mjini, na hata siku moja hakuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Aliona aibu, lakini kwa mbali, kama aibu ya jirani.

Akayatoa mafaili yote mia mbili na kumi na mawili. Fomu ina sehemu ya mume au jamaa wa karibu, na hapo watu hawadanganyi. Hadi jioni alikuwa amepata wanawake sitini na mmoja ambao waume na watoto wao walikuwa milimani.

Ijumaa daktari mkuu alimsikiliza hadi mwisho, hilo tusimnyime. Lakini alisema hawezi kupeleka wizarani jedwali la kubahatisha; anwani ndiyo anwani. Akampa mwaka mmoja. Gari litapanda mwaka huo, na kuanzia sasa kila mgonjwa aandikwe anakoishi kweli. Milimani wakifika ishirini, gari litaendelea. Wasipofika, halitapanda tena.

Mama Jedwali akakubali. Akapiga chapa tangazo, akalibandika mapokezi kwa mkono wake, na akawapigia simu ndugu wote kuwaambia ule ujanja umekwisha.

Jumatatu iliyofuata mdogo wake, kitinda mimba wao, alimpigia simu. Kulikuwa na uvimbe, alisema, titi la kushoto, kwa miezi miwili sasa. Gari lingepanda baada ya miezi minne. Kwenye zahanati, muuguzi alimwambia asihangaike, wanawake wa huku hawaugui ugonjwa huo, takwimu za hospitali kuu zinaonyesha.

Mama Jedwali aliuliza kama mganga wa wilaya yupo. Mganga alikuwa safarini.

"Njoo kesho," alisema. "Wakikuuliza, sema unaishi kwangu."



"Dada, si wewe uliyetuambia tuandike ukweli?"

"Ni mimi. Njoo."

Alikuja Jumanne na mfuko mmoja wa nguo. Karani wa mapokezi alilitazama tangazo, akamtazama Mama Jedwali, akamsukumia kalamu. Mama Jedwali akaijaza fomu mwenyewe, akaandika anwani ya nyumba yake.

Majibu yalirudi baada ya siku nane. Ilikuwa saratani, na daktari alisema wamewahi. Mama Jedwali alingoja furaha, akangoja na machozi, vyote havikuja. Akaenda chumbani kwake, akafungua jedwali jipya la mwaka, akamwingiza mdogo wake.

Mjini, mmoja. Milimani, hakuna.