Maziwa ya Njegere ya Indu

Kwa mwaka mzima Chelagat alikuwa akitafuta maziwa ya njegere yasiyokatika kwenye chai. Katika kiwanda kidogo cha mtaa wa Free Area alikofanya kazi, alikamua protini ya njegere, akaitia magadi ili iyeyuke vizuri, akaipasha moto. Maziwa yalitulia, lakini chai ilibaki na ladha ya sabuni. Alipopunguza magadi, mabonge meupe yalielea kikombeni.

Kisha akaajiriwa Indu, naye mtaalamu wa vyakula. Hakumaliza hata mwezi kabla ya kupata jibu. Alipunguza magadi, akapasha maziwa kwanza, halafu akayapitisha kwenye mashine inayoyasukuma kwa presha. Hayakukatika tena, wala hayakuwa na ladha ya sabuni.

Jumamosi, familia za wafanyakazi zilialikwa kuonja. Weldon, mume wa Chelagat, anayefuga ng'ombe Kiamunyi, alimaliza kikombe akanyoosha mkono apewe kingine.

"Nani ametengeneza hii?"

"Protini ni kazi ya Chelagat," Indu akasema. "Mimi nimemalizia tu."

Chelagat alitabasamu kwa shida. Afadhali Indu angejigamba, angalau apate sababu ya kumchukia.

"Ya kwangu niliyokuwa nakuletea ulikuwa unamwaga kwa migomba," alimwambia mumewe walipofika nyumbani. "Nilikuwa nakuona."

Weldon alivua kofia polepole. "Sikutaka uumie, Mama Kibet."

"Na leo?"

"Leo nilisahau ni ya njegere."

Hilo ndilo lililomchoma. Kama angemsifu Indu mwenyewe, wangegombana yakaisha. Lakini alisifu maziwa, na maziwa yalikuwa mazuri kweli.

Jumatatu Chelagat alifika kazini mapema, akajaribu peke yake. Alitaka kutumia magadi kidogo kuliko Indu. Kwa haraka, akayapitisha maziwa kwenye mashine yakiwa baridi. Alipoyatia kwenye chai, yakakatika. Indu akamkuta amekishika kikombe.

"Uliyapasha kwanza?"

"Hapana." Neno hilo lilimtoka kwa taabu.

Wakarudia pamoja, Chelagat akiwa kwenye mashine. Safari hii chai ilitulia, laini, rangi moja.

"Mpelekee Weldon," Indu akasema.

"Hii nakunywa mimi."

Akaketi, akainywa taratibu, kila funda akitafuta kasoro. Hakuipata.