Makofi ya Lakhimoni

Lakhimoni Mahato alikuwa amemaliza dawa za ukoma alipoamka asubuhi moja, mabaka ya mkononi yamevimba, mekundu, ya moto. Kiwiko kilimuuma hadi machozi yakamtoka. Alipokaa kusokota bidi, zile sigara ndogo za majani zilizokuwa zikimlisha tangu usichana, kidole cha mwisho kikagoma kunyooka.

"Nilisema mimi!" mama mkwe wake akang'aka. "Ugonjwa umerudi. Sahani yako itakaa nje."

Lakhimoni akakimbilia zahanati ya Purulia. Tabibu Nirmal Pathak hakumgusa hata kiwiko.

"Dada, wewe umepona. Dawa si umemaliza?"

"Nimemaliza. Lakini mkono unaungua, na kidole hakinisikii."

"Umesokota bidi kupita kiasi. Kunywa hizi za maumivu, upumzike."

Akarudi tena. Akapewa zilezile.

Kidole cha pete nacho kilipopinda, mumewe, Haradhan, akampeleka hospitali ya mbali. Daktari wa kike aliubonyeza mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, Lakhimoni akapiga yowe.

"Ukoma haujarudi, mama. Ni mwili wako unapambana na mabaki ya vijidudu, na vita hiyo inaunguza mishipa. Nitakupa dawa ya kutuliza uvimbe. Utaimeza kwa miezi, tukiipunguza kidogo kidogo. Usiiache ghafla hata ukijisikia nafuu."

"Na vidole?"

Daktari akavishika, akavinyoosha, vikajikunja tena. "Dawa hii ilitakiwa ianze mapema. Ungekuja mara tu ulipoanza kuumwa..."

"Nilikwenda zahanati," Lakhimoni akasema. "Mara mbili."

Daktari akaandika dawa kwenye cheti, akampa.

Uvimbe ulitulia, maumivu yakaisha. Vidole vikabaki vimepinda. Bidi zake zikawa zinafumuka, mnunuzi akazikataa, na sahani yake ikabaki nje.

Siku ya mkutano wa kijiji wa kuwapongeza waliopona ukoma, Pathak alimsimamisha Lakhimoni mbele ya watu.

"Huyu hapa, amepona kabisa! Mpigieni makofi!"

Watu wakapiga. Lakhimoni akainua mkono juu, wauone.

"Na huu, bwana tabibu, ni wa nani?"

"Aa, hilo ni jambo jingine," Pathak akasema, akimtafuta kwa macho mgonjwa aliyefuata. "Kaa chini, dada."

Hakukaa. Aliondoka, na nyuma yake makofi yakaanza upya.