Muchina Aliyeshika Taa

Mi njo nasoma kitabu mu radio hapa muji wa Baraka, kando ya ziwa, kila siku jua likianza kupoa. Kama uko na radio, ulishanisikia: Arlette, mwenye sauti ya kugombana. Bantu banasema nasoma kama vile kuko muntu aliniiba kuku. Basi wazime! Lakini habazimi.

Kitabu chenyewe ni cha Kifaransa, kinene, kilivimba na maji. Muzungu mumoja wa shirika alikiacha wakati wa kuhama. Ni hadisi ya China ya zamani: muji mukubwa wa bandari, magenge ya kuuza afyuni, na familia moja yenye duka la muchele. Mutoto wa pili wa ile familia, Liang, genge linamuchukua. Siku moja banaenda kuua muchuuzi mwenye alibakatalia. Liang hapigi muntu. Anashika taa tu, benzake baone vizuri pa kupiga. Kisha anabatoroka, anataka kurudi kwa mama yake, na kitabu kizima njo hiyo: atapokelewa, ao hapana?

Macho yangu yanasoma Kifaransa, Kiswahili kinatoka kwa kinywa. Nikimaliza kipande, nafungua telefone, bantu banapiga. Yee, ungebasikia! Mama mumoja wa kijiji cha Swima aliuliza kama kule kuko baridi, na kama Liyangi iko na koti. Njo vile bamama balimuita, Liyangi, kama vile alizaliwa hapa. Darius, mwenye kuuza mafuta ya ngazi, yale ya mawese, sokoni, alisema bamufunge jiwe, bamutupe mu ziwa. Nilimujibu palepale: "Darius, mafuta yako nusu ni maji, na unahukumu nani?" Muji wote ulicheka.

Mi nilicheka na mikro, lakini roho yangu haikucheka. Ile kitabu sikuichagua ju ya uzuri wake. Niliichagua ju ya Willy.

Willy ni mudogo wangu wa tumbo moja. Bantu ba silaha balimukamata shambani akiwa angali kijana wa masomo, balimupandisha mu milima, na alibaki nabo mpaka ndevu zikaota. Sisi tulishamulilia, matanga tulishaifanya. Sasa hapa karibuni alifika na mutumbwi toka Ubwari, ngambo ya maji, mikono mitupu, mwembamba wa kuhurumisha. Mama yetu, Mama Félicité, alimuingiza chumba cha nyuma na kufunga mulango. Hakuna jirani alijua. Mi nikajiambia: Arlette, pima kwanza. Kama Baraka inaweza kumuhurumia Muchina, na huyu itamuhurumia.

Nikirudi nyumbani, Willy alikuwa ananingoja na karadio kake pa sikio.

"Yaya, dada yangu, leo banasema nini juu yangu?"

"Si juu yako, mujinga we. Juu ya Liyangi."

"Njo hiyo nauliza."

Muntu nilimuogopa ni mumoja: Mama Renilde, jirani yetu wa ukuta, mukimbizi toka Burundi. Bwana yake, Claver, aliuawa mu barabara ya Kilembwe wakati wa mavuno ya maharage. Bantu ba silaha balifunga kamba katikati ya njia, baiskeli yake ikasimama na gunia zake, na yeye hakurudi. Tangu ile siku Mama Renilde analima peke yake. Mama yetu anapenda kukaa naye, banachagua muchele pamoja, banasikiliza kipindi changu. Willy naye anabasikia nyuma ya ukuta, hapumui.

Siku moja telefone ililia, na ni yeye.

"Arlette mwanangu," alisema, "mi nawaza juu ya huyu mutoto. Darius anaongea sana. Mutoto alishika taa tu. Kisu kilikuwa kwa mwingine. Arudi kwa mama yake, mama asife na kilio. Njo hiyo tu."

Nyuma yake bengine balipiga telefone mustari: arudi, arudi. Hata Darius alipiga, akasema sawa, lakini kwanza afunge na kuomba. Nilitoka mu biro ya radio mbio mbio, viatu mu mukono. Nyumbani mama alicheka, Willy alilia. Nilifurahi kupita kipimo, na furaha ilinipumbaza kabisa.

Siku ya Mungu, tulipotoka misa, nilimuita Mama Renilde kwetu. Nilimupa kiti, nilimupa chai. Nilisema: "Mama Renilde, kuko muntu wa kukuonyesha." Nilifungua mulango wa nyuma. Willy alitoka na shati ya baba yetu, ilimuzidi mabega, na akapiga magoti mbele yake.

Mama Renilde hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini polepole. Kumbe alimutambua, ju sura yake ni ya mama yetu.

"Ni ule mwenye mulimulilia matanga?"

"Ndiyo," mama alisema.

"Alikuwa barabara ya Kilembwe? Wakati wa maharage?"

Mi nilimuangalia Willy nikiomba aseme hapana. Yesu wangu, aseme hapana tu! Lakini Willy hajui kudanganya, hata mu milima habakumufundisha.

"Nilishika kamba tu, mama," alisema. "Bunduki ilikuwa kwa mwingine."

Mama Renilde alisimama.

"Hayo maneno ni yangu. Nilimupa Muchina. We sikukupa."

Nilianza kusema. Nilisema habari ya kusamehe, nilisema yeye mwenyewe alishamusamehe Liyangi mu radio, muji wote ulisikia. Alinikata.

"Arlette, ule muchuuzi wa Liyangi hakuwa bwana yangu, sikumupikia. Liyangi hakusimamisha baiskeli ya Claver. Ulinifungulia kinywa na kitabu, kumbe ulikuwa unanitega?"

Alifika pa mulango na akageuka kwa mama yetu, si kwetu. "Félicité, sitaenda kwa basoda ba serikali kumushitaki. Sitasema kwa muntu. Lakini nikimuona tena hapa, sijui nitafanya nini na mikono yangu."

Kesho yake, mutumbwi wa Ubwari uliondoka asubuhi, Willy ndani. Mama alikuwa ameamuka mbele ya majogoo kupika bugali na samaki ya mukeke. Mi nilimusindikiza Willy mpaka pa maji. Hakunilaumu. Afazali angenilaumu.

Na ile siku njo nilikuwa na kipande cha mwisho cha kitabu. Mwisho sikuwa nimeuona. Mi napenda kusoma pamoja na bantu, sitangulii. Liang anafika mu kichochoro cha kwao. Anaona mwanga kwa dirisha ya mama yake. Genge lilikuwa linamungoja pale pale, hatua kidogo mbele ya mulango. Mama anasikia kitu kinaanguka inje, anafikiri ni paka.

Nilisoma bila kupunguza kitu. Nilikuwa na hasira ya kila muntu, ya mwandishi, ya Baraka, yangu mwenyewe zaidi. Nilifungua telefone na bantu balikuwa banalia. Bamama bazima! Mama wa Swima alilia mpaka akakata. Darius alisema hii kitabu ni mubaya, ichomwe. Nilitaka kubatukana bote. Banalilia Muchina mwenye hakuzaliwa hata siku moja.

Telefone ya mwisho ilikuwa ya Mama Renilde. Nilijua pumzi yake mbele ya yeye kuongea.

"Arlette."

"Ndiyo, mama."

Fundi wa radio alinionyesha saa.

"Ule mutoto," alisema. "Alikula mbele ya kwenda?"

Muji wote ulifikiri ni Liyangi. Nilishika mikro na mikono miwili.

"Hapana, mama. Mama yake alimupikia. Alishindwa kumeza."

Nilimusikia akianza kulia, na sikukata laini.