Filimbi ya Kinyozi

Siku jiko la jirani liliposhika moto, kinyozi alikuwa dukani kwake ananyoa. Habari ilimfikia wakati mteja amemaliziwa upande mmoja tu wa kichwa, na upande wa pili, kwa kweli, uliponea kwa kudra za Mungu. Jioni alirudi nyumbani na filimbi shingoni.

“Tunahitaji mpango,” akamwambia mkewe.

Akaandika karatasi, akaibandika kwenye friji. Mke abebe begi la vyeti na dawa. Binti yao amshike bibi yake mkono. Mama mkwe atoke tu, asibebe kitu. Yeye mwenyewe ahakikishe hakuna aliyebaki. Wakutane getini kwa jirani wao wa ng'ambo ya barabara, fundi wa kuchomea vyuma.

Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, akapuliza filimbi.

Mke akatoka mbio na begi. Kulifungua getini, kumbe ni la nguo za kupiga pasi. Wengine hawakutokea. Kinyozi akarudi ndani, akamkuta mama mkwe kitandani anatafuta hereni ya pili. Mjukuu kamng'ang'ania mkono mmoja kama alivyoagizwa, kwa hiyo bibi anapapasa kwa mkono uliobaki.

“Mama, nyumba inaungua!”

“Inaungua wapi, mwanangu?”

“Tuseme inaungua.”

“Basi tuseme nimeshatoka.”

Alipofanikiwa kuwatoa wote wawili, akarudi kukagua vyumba. Upepo ukaubamiza mlango, na kitasa kipya, alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe, kikagoma kabisa kufunguka. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Akasimama dirishani akapuliza filimbi kwa nguvu zote.

Fundi aliposikia filimbi na kuona familia nzima imejazana getini kwake, hakuuliza. Alivuka barabara na kummwagia kinyozi ndoo mbili za maji kupitia dirishani.

“Hakuna moto!” kinyozi akafoka, maji yakimchuruzika puani.

“Tumeuwahi!” fundi akajibu kwa fahari.

Jioni ile mama mkwe aliichukua kalamu, akaurekebisha mpango pale kwenye friji. Kitasa kikabadilishwa. Begi la vyeti likatundikwa msumarini karibu na mlango. Fundi, kwa aibu, akakata nondo za dirisha la chumbani, akazitia bawaba na komeo la ndani. Na bibi akaweka kitini gauni la kutokea, hereni zote mbili mfukoni.

Miezi miwili baadaye, mchana, mpira wa gesi ukapasuka na pazia la jikoni likashika moto. Mke akafunga koki ya mtungi, akapiga yowe, akanyakua begi. Bibi na mjukuu walikuwa wameshamtangulia. Fundi akaja na ndoo zake, safari hii penye moto, akauzima.

Getini mke akahesabu watu. Mmoja hayupo.

“Baba yuko bafuni!” binti akalia.

Dirisha la chumbani likafunguka, akaruka kinyozi mwenye taulo moja na mapovu kichwa kizima. Mkewe akamkumbatia huku analia na kucheka, sabuni ikamwingia machoni. Mama mkwe, kwa heshima, akageukia ukuta.

“Umetoka, mwanangu?”

“Nimetoka, mama.”

“Alhamdulillahi. Sasa vaa.”

Fundi akamwazima ovaroli iliyomwishia magotini, na wote wanne wakaketi kwenye benchi lake kungoja moshi uishe.