Siku ya Kuhama

Mama Tone alikuwa bombani, anasuuza nepi za mwisho, aliposikia Bwana Notisi anapita korido ya ghorofa ya juu akigonga milango kwa kitita cha funguo zake.

"Leo ndiyo leo! Siku ya kuhama! Asiyehama leo, jioni asije kunililia!"

Hakuna mpangaji aliyeshtuka. Bwana Notisi ndiye msimamizi wa nyumba, na kwa mwezi mzima hakuwa na wimbo mwingine. Nyumba nzima ilikuwa inakula picha kutoka antena moja, iliyosimama juu ya paa kama mwavuli uliochanika kitambaa ukabaki mifupa. Antena hiyo na nyaya zake zilizochakaa zilikuwa zinabadilishwa ili televisheni zihamie dijitali, kwa sababu jioni hiyo matangazo ya zamani yangezimwa moja kwa moja. King'amuzi, kile kisanduku cha kukaa chini ya televisheni, kila mtu alikuwa nacho. Kilichobaki ni waya mpya ushuke kutoka paani, uingie chumba cha pembeni, halafu kutoka hapo ugawanywe kwa wengine wote. Chumba cha pembeni kilikuwa cha Mama Tone.

Yeye mwenyewe mawazo yake yalikuwa mbali na nyaya. Jioni hiyo ndiyo aliyokuwa anafanya mtihani wa mwisho wa darasa la jioni. Shule aliiacha akiwa binti mdogo, akaolewa, akamzaa Tone, akaja kujua kwamba bado anataka kuwa muuguzi. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti chuo kisingemtazama mara mbili. Aliyekosa leo anarudia mwaka mzima. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini, lakini hilo halikumtia wasiwasi. Kila jioni alikuwa anamwacha Tone na bibi yake mbele ya televisheni, mmoja anacheka katuni na mwingine anaisubiri taarifa ya habari, na yeye anashika njia.

Akapanda ngazi na ndoo yake, akaingia chumbani, akainama kuiweka chini. Nyuma yake ufunguo ukalia krak, krak.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, bibi mwembamba mwenye magoti yasiyomsikiliza tena. Akauchomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la nguo yake, akalikaza fundo kwa meno, kisha akaenda kukaa kitandani juu ya pindo lenyewe.

"Mama, mbona umefunga? Nataka kuanika nepi."

"Anika humu humu. Mlango huu leo haufunguliwi. Wakitaka kunitoa, walete winchi."

Mama Tone akacheka, kisha akaona yuko peke yake katika kicheko.

"Akutoe nani?"

"Hukumsikia anavyopiga kelele? Siku ya kuhama. Na ile pale siioni?" Akanyoosha kidole ukutani.

Pembeni ya swichi kulikuwa na alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, iliyochorwa kwa chaki. Fundi wa antena aliichora asubuhi, mahali pa kutoboa, akaaga kwa adabu, akapanda paani.

"Alama hiyo naijua," mama mkwe alisema. "Kule kwangu walikuja vijana wapole vilevile, na kopo la rangi. Wakachora, wakaniamkia, wakaondoka. Siku zikapita, tukasema basi wamesahau. Kumbe tingatinga lilikuwa njiani."

Mama Tone akakaa chini taratibu, Tone akamrukia mapajani. Kwamba nyumba ya mama mkwe ilibomolewa kupisha barabara, hilo lilijulikana. Ndiyo sababu akaja kuishi kwao. Habari ya alama alikuwa hajawahi kuitamka.

"Mama, wanaohama si sisi. Ni televisheni."

"Televisheni ina miguu?"

"Ni matangazo. Yanahama kutoka analojia kwenda dijitali."

"Huko ndiko wapi?"

Mama Tone akaelekeza kidole juu, paani, akakishusha. Mwaka mzima wa darasa la jioni, na hakuweza kumwambia mtu mzima dijitali iko upande gani.

"Na hicho kisanduku," mama mkwe aliendelea, akikitazama king'amuzi kama anayetazama mgeni asiyevua viatu. "Kinang'amua nini? Kimekuja kung'amua humu tuko wangapi, ndipo wajue nani amezidi."

"Hujazidi, mama."

"Wewe ndiye unasema."

Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi, ameshuka na bunda la waya mpya begani. Nyuma yake Bwana Notisi, na nyuma ya Bwana Notisi jirani wa mlango wa pili, fundi nguo ambaye nyumba nzima ilimwita Cherehani, kwa sababu mashine yake na mdomo wake vilikuwa havipumziki.

"Hodi," fundi alisema. "Mama Tone, nimekuja kutoboa."

"Tumefungwa," Mama Tone alijibu kupitia dirisha. "Mama ameshika ufunguo. Anadhani tunahamishwa."

Cherehani akaangua kicheko. "Mama, toka bwana, hakuna anayekuhamisha. Unakiogopa king'amuzi? Kingekuwa na akili ya kung'amua watu, kingeshanionyesha mume wangu anashinda wapi."

"Wewe unacheka kwa sababu kwako hawakuchora," mama mkwe alimjibu.

Muda si mrefu picha ikakatika. Fundi alikuwa amerudi paani akaishusha ile antena ya zamani, na sasa kwenye kioo zilibaki chenga tupu, shaaa, kama mvua juu ya mabati. Tone akaangua kilio kwa ajili ya katuni zake. Koridoni milango ikaanza kufunguka, watu wakiulizana.

"Si unaona," mama mkwe alisema. "Wameshaanza kukata. Kule kwetu walianza na maji."

Jua lilikuwa limeanza kupanda ukutani, upande ule linaopanda jioni. Mkoba wa Mama Tone ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kalamu zake ndani. Akalitazama dirisha. Nondo zake zilikuwa karibu karibu hata paka angefikiria mara mbili. Akalitazama lile fundo. Mama mkwe alikuwa mwepesi kama kapu; kumsogeza ni kazi ya mkono mmoja. Lakini mkono wa mkaza mwana hauingii kwenye nguo ya mama mkwe. Hata kuwaza hilo tu kulimchoma uso. Akahisi chumba kinasogea, kuta zinamjia na nepi zake mbichi, kilio cha mtoto, na ile shaaa isiyo na mwisho.

"Sasa mimi nafanyaje?" Bwana Notisi alifoka nje. "Nyumba nzima inakaa gizani kwa ajili ya mtu mmoja? Nitaleta nyundo nivunje kitasa."

Mama mkwe alimvuta Tone kifuani, akamfunika kichwa kwa viganja viwili, kama anayemkinga na vifusi.

Mama Tone akaviona viganja vile. Akasimama, akaenda dirishani. "Bwana Notisi, ukivunja mlango huu, utakuwa umekuja na tingatinga kweli. Usivunje, nakuomba."

"Na waya?"

"Fundi, huwezi kutoboa ukiwa huko huko nje?"

"Naweza," alisema fundi, ambaye alikuwa ameshashuka tena. "Ila waya wa umeme unapita ndani ya ukuta, na kwa nje siuoni. Nikikosea nitaungua mimi, mtaungua na nyinyi. Alama niliichora kwa ndani."

Ile alama. Mama Tone akageuka kuiangalia, kisha akamwangalia mama mkwe, naye alikuwa anaiangalia hiyo hiyo. Akachukua nepi mbichi kutoka kwenye ndoo.

"Mama, hii nikiifuta?"

Bibi akatikisa kichwa. "Ile ya kwangu niliisugua kwa mchanga. Haikutoka."

"Hii ni chaki."

Akaweka kidole cha shahada palepale mistari ilipokutana, na kwa mkono mwingine akafuta kuzunguka kidole. Chaki ikayeyuka, ikachuruzika, ikaisha. Ukuta ukabaki na unyevu tu, na kidole chake.

"Sikiliza hapa nilipo," alimwambia fundi. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko. Nje fundi akaweka sikio, akasogea, akasogea tena. Wale wa koridoni wakanyamaza, hata Cherehani. Ko, ko, ko. Fundi akajibu kutoka upande wake kwa mpini wa bisibisi: ko.

"Ndipo hapo?"

"Hapo hapo. Toa kidole chako, unakihitaji."

Drili ikanguruma, vumbi likamwagika juu ya ndoo, ncha ya chuma ikachungulia ikarudi. Ukutani kukawa na tundu dogo la mwanga. Mama mkwe akainuka na magoti yake, akasogea, akainama kulichungulia. Upande wa pili jicho la fundi lilikuwa linachungulia pia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unamhamisha nani?"

"Nahamisha picha tu, mama. Ilikuwa inakaa kwenye waya mbovu, sasa naipangishia waya mpya. Nyinyi mko palepale."

Mama mkwe alifikiri. "Haya, ilete nione."

Ncha ya waya ikaingia, na bibi mwenyewe akaishika, akauvuta waya kidogo kidogo kama anayechota maji kisimani, mpaka ukafika kwenye meza. Mama Tone akachomeka kama fundi alivyomwelekeza kupitia tundu. Chenga zikacheza, zikaganda, kioo kikawa cheusi kitupu. Halafu picha ikatokea, safi mno, inang'aa kama sahani iliyooshwa. Ilikuwa saa ya habari, na mtangazaji yule yule alikuwa ameketi kwenye meza ile ile.

"Kumbe ana chunjua," mama mkwe alisema polepole. "Miaka yote hii, kumbe ana chunjua kidevuni."

Fundi akaanza kugawa waya kwa majirani, na sauti ya mtangazaji ikawa inaitika chumba baada ya chumba. Mama mkwe alirudi kitandani. Alikaa juu ya pindo lake. Ufunguo hakuutoa.

Jua lilishafika darini.

"Mama," Mama Tone alisema. "Nina mtihani."

"Najua. Nikikufungulia, ukitoka, utafunga?"

"Nitafunga, kama siku zote. Tone asije akaanguka ngazini."

"Kama siku zote." Mama mkwe alimpangusa mjukuu wake vumbi usoni. "Ukitoka unafunga, ufunguo unatia mkobani. Mimi nabaki humu na mtoto, nasikia krak krak, nasikia viatu vyako vinashuka. Kila jioni naangalia televisheni ili nisiuangalie mlango. Nasema moyoni, tingatinga likija leo, nani atanifungulia?"

Mama Tone alisimama palepale, nepi yenye chaki mkononi. Leo yeye amefungiwa mara moja tu, na kabla hata jua halijazama tayari alikuwa amezihesabu nondo za dirisha.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje? Unakwenda kusoma."

Akapiga magoti mbele ya kitanda. Hakuligusa fundo. "Baki nao ufunguo," alisema. "Leo na siku zote. Mlango ukae wazi. Cherehani!"

"Nimesikia yote, ukuta una tundu," sauti ilijibu. "Naileta mashine yangu pale ngazi zinapoanzia. Huyo Tone akijaribu kupita, nitamshonea kwenye gauni la mtu."

Mama mkwe alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Akalilegeza fundo kwa meno yale yale yaliyolikaza, akaenda mlangoni, akafungua mwenyewe. Akavuta kigoda, akaketi kizingitini, Tone miguuni pake, ili aone televisheni kwa jicho moja na korido kwa jicho jingine.

"Nenda," alisema. "Umechelewa."

Mama Tone aliunyakua mkoba msumarini, akatimua mbio. Hakubadilisha nguo, vumbi la ukuta likiwa bado kichwani. Alipofika, mlinzi wa shule alikuwa ameshaanza kulivuta geti.

"Wenzako wameanza," alimwambia.

"Najua. Nipishe na mimi nianze."

Mlinzi alimtazama kuanzia nywele mpaka kandambili, akaliachia geti upana wa mtu mmoja aliyejibana. Mama Tone akajibana, akapita. Msimamizi wa mtihani alimwonyesha dawati la nyuma, akamwekea karatasi. Muda uliopotea haungerudishwa, na wenzake walikuwa wameshafika ukurasa wa pili. Akatia mkono mkobani kutafuta kalamu. Vidole vikapapasa kwa mazoea kile chuma cha baridi kinachokaa chini kabisa, vikakikosa. Kisha akakumbuka ufunguo uko kwa nani. Akaitoa kalamu, akaandika jina lake.